Kabati langu la bajia, kofia ya askari na miezi sita ya mtoto wa jirani

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaykum. Mie nnauza bajia hapa Chake Chake, Pemba, sio mwanasheria na siasa siiwezi, barua hii naiandika kwa simu usiku baada ya kufunga biashara kwa hivyo mkikuta pahala nimekosea herufi nirekebishieni ila maneno msiyapunguze. Nataka kusema juu ya adhabu wanazopewa vijana wetu kwa kosa la mara ya mwanzo, hasa haya makosa madogo madogo ya kubishana na askari na kuvunja kitu cha mtu. Wengi wanaoandika juu ya mambo haya ni ndugu wa aliyefungwa au ni watu wa serikali. Mie naandika kama niliyevunjiwa.

Siku yenyewe kulikuwa na mpira Gombani, baada ya laasiri, watu wanapita makundi kwa makundi. Nishatoa kabati langu la vioo nje ya banda, ndani mna sambusa, kachori na katlesi, chatne ya nazi kwenye bakuli lake, na pembeni ya jiko juu ya kigoda liko beseni la kunde zilokwisha sagwa na kutiwa vitunguu na kotmiri, nasubiri mafuta yapate moto. Hatua kama kumi kutoka kwangu wamesimama trafiki wawili. Akaja kijana wa jirani yangu na pikipiki ya ami yake, helmeti hana, leseni hana, na nyuma kampakia mwenziwe. Wakamsimamisha akasimama, mpaka hapo kila kitu sawa. Askari mmoja akachomoa ufunguo. Basi hapo ndo palipoharibika, kijana anasema nipe ufunguo chombo si changu, askari anasema utaufata kituoni, kijana kamshika mkono, askari kamsukuma, kijana na yeye kasukuma, na kofia ya askari ikamtoka kichwani ikaruka ikaenda kutua ndani ya beseni langu la kunde. Wallahi siongezi chumvi. Ilitua kifudifudi.

Watu wakacheka. Na mie nilicheka, sijifanyi walii. Lakini naamini kicheko kile ndo kilichomponza kijana kuliko ule msukumo wenyewe. Askari akisukumwa anaweza kumeza, ila kuchekwa na mtaa mzima huku kofia yenye nembo inachuruzika kunde, hilo halimezeki. Na kulikuwa na mmoja kashika simu anarikodi. Ile klipu, Mhariri, ilifika Maskat kabla kesi haijafika mahkamani, dada yangu kanipigia kutoka kule anacheka mpaka anakohoa, ananiuliza hiyo kofia mliikaanga?

Alipoona pingu zinatolewa yule kijana akapandwa na jazba, akarusha teke, halikumpata mtu, likaja kwenye kabati. Kioo cha mbele kikamwagika chote juu ya sambusa. Nikatupa kila kitu maana nani atakula sambusa yenye vigae, na beseni la kunde nalo nikalimwaga. Kioo na kazi ya fundi elfu 65, vyakula kama elfu 40, jumla laki moja na elfu 5. Kwa mtu mwengine pesa hiyo si kitu, kwa muuza bajia ni mtaji wa wiki. Niliumia, na usiku ule lau mngeniuliza apewe adhabu gani pengine ningesema makubwa kuliko aliyosema hakimu. Kofia mke wangu aliikosha akaianika, asubuhi askari akaja kuichukua, akasema ahsante mama, samahani mzee kwa kadhia ya jana. Namtizama, naye ni kijana tu, umri hampiti sana yule aliyemsukuma.

Kesi ikenda mahkama moja ya huku kisiwani, jina nalihifadhi. Mashtaka matatu: kumshambulia askari akiwa kazini, kumzuia kufanya kazi yake, na kuharibu mali. Mie nimeitwa shahidi. Nikafunga biashara, nikavaa kanzu yangu ya Ijumaa, nikakaa kwenye benchi tangu saa mbili asubuhi najizoesha kimoyomoyo nitakavyosema. Saa tano akaingizwa, akasomewa, akaulizwa, akajibu ni kweli, ni kweli, ni kweli, mara tatu. Basi, imekwisha. Kwa vile kakiri mashahidi hawahitajiki tena, na mie mwenye kabati nikawa mtazamaji kama wale waliokuja kupoteza muda. Hakuna aliyeniuliza hata mzee unadai kiasi gani.

Muendesha mashtaka alikuwa muungwana, alisema wazi hana rikodi ya makosa ya nyuma. Hakimu akamuuliza kijana kama ana la kusema kabla hajapewa adhabu. Akasema naomba mahkama inisamehe. Akanyamaza. Hakusema kama ana miaka 19, hakusema baba yake hayupo duniani na yeye ndo anayekwea mikarafuu ya watu kuchuma karafuu ili mama yake na wadogo zake wawili wapate kula, hakusema kama kabla ya siku ile hajalala kituoni hata usiku mmoja. Wakili hana, miguu inamtetemeka, mtu wa hivyo ataweza kujieleza nini? Akahukumiwa faini laki tatu au Chuo cha Mafunzo miezi sita, iwe funzo kwake na kwa wengine wenye tabia kama hiyo.

Hao wengine wenye tabia kama hiyo nimekuwa nikiwasikia redioni tangu nasoma skuli. Basi nawapa habari zao. Mtaani kwetu walijifunza kitu kimoja tu, kwamba mwenye laki tatu anarudi nyumbani kula chakula cha mchana na asokuwa nazo anapanda karandinga. Kosa ni lile lile, hakimu yule yule, tofauti ni mfuko. Mama yake alikuwa kakaa karibu yangu. Alitoa simu akatizama salio, akairejesha, kisha akageuka akanitizama mie. Mie, nilovunjiwa! Nikaangalia dirishani.

Wasomaji wa Bara huenda hawajui, huku Zanzibar jela tunaiita Chuo cha Mafunzo na waliomo wanaitwa wanafunzi. Jina zuri na nia yake nzuri, mtu aende akarekebike. Shemeji mmoja wa familia ya yule kijana, anakaa Dar, alipiga simu siku ya pili akaambiwa mtoto yuko Chuo, akasema mashaallah, kachukua fani gani, ni chuo kikuu cha SUZA hiyo? Mama mtu akashindwa kujibu akampa simu binti yake mdogo. Sasa mie nauliza, mwanafunzi wa kosa la teke anakaa darasa moja na nani? Miezi sita ni michache mtu kujifunza useremala ukamkaa mkononi, ila inatosha na kubaki kujifunza mengine kwa wenziwe. Pale Changuu, kisiwa kile mbele ya Forodhani, ilijengwa jela miaka ya 1890 na hakukuwahi kufungwa wahalifu ndani yake, ikageuzwa karantini ya wagonjwa, leo watalii wanakwenda kulisha makobe. Nimeikumbuka tu, haihusiani sana, ila ndo jela pekee ninayoijua isiyomharibu mtoto wa mtu.

Siku ya nane tukakaa barazani baada ya isha, sheha, yaani kiongozi wa mtaa wetu, yupo, imamu yupo, ami yake mwenye pikipiki yupo kainamisha kichwa. Ikaamuliwa tuchange. Mie nikatoa elfu 30. Kufika nyumbani mke wangu akaniuliza, hebu nifahamishe mume wangu, weye umevunjiwa au umevunja? Sikuwa na jawabu. Faini ikalipwa, kijana akatoka, kakonda kidogo na kanyolewa kipara.

Hebu tupige hesabu. Serikali imepata laki tatu. Askari hakupata kitu, hata samahani mbele ya wale waliomcheka hakupata. Mie nimepoteza laki na elfu 5, juu yake nikaongeza elfu 30, na kabati limezibwa plaiwudi, mteja akitaka kujua mna nini leo inabidi ainame achungulie pembeni kama anachungulia chumba cha watu, wanawake wengine wanaona haya wanapita moja kwa moja. Mtaa mzima umetoa pesa kwa kosa ambalo haukulifanya. Na mkosaji mwenyewe kakaa siku nane, kisha katolewa na watu wengine, yeye hajatoa jasho lake hata tone kulipia kile kioo. Kwa hivyo mkiniambia adhabu ile ilikuwa kali mie nasema ilikuwa kali na tena ilikuwa nyepesi, yote mawili kwa pamoja, kali kwa mama yake na nyepesi kwake.

Nikenda kwa msaidizi wa sheria wa huku kwetu, mtu wa kujitolea tu, nikamuuliza sheria ndo inataka hivi? Akacheka. Akanambia hapana ami, sheria ina nafasi pana kuliko inavyotumiwa. Tunayo Sheria ya Adhabu ya Zanzibar, Nam. 6 ya 2018, na Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Nam. 7 ya mwaka huo huo. Adhabu iliyoandikwa kwenye kifungu ni ukomo wa juu, kawekewa yule aliyefanya baya kuliko wote, haina maana kila anayeingia apimiwe kwa kibaba hicho. Hakimu anaweza kutoa onyo, anaweza kumwachia mtu kwa sharti la kukaa na mwendo mzuri, anaweza kumpa muda wa kulipa faini, na hili ndo lililonitoa usingizini, anaweza kuamuru mkosaji amlipe fidia aliyemuharibia. Fidia! Yaani mlango ulikuwepo muda wote, hakuna aliyeugonga, kijana hajui kama upo, mie sijui kama upo, na waliokuwa wanajua walikuwa na mafaili mengine arubaini yanasubiri siku ile.

Simlaumu hakimu, na hilo mliandike hivyo hivyo. Mtu anaamua kwa aliyoletewa mezani. Kaletewa askari kasukumwa, kabati limevunjwa, mshtakiwa kakiri na anaomba msamaha kwa maneno matatu. Lau angeletewa na mengine huenda angeamua mengine.

Tena kuna jambo la umri ambalo limenishangaza. Angelikuwa na miaka 17 angehesabiwa mtoto chini ya Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya 2011, afisa wa ustawi wa jamii angeshirikishwa, angeulizwa mzazi, ingejulikana nyumbani kwao kukoje. Kwa vile ana 19, hakuna aliyekuja hata kuuliza kwao wapi. Ni kama usiku ule wa kutimiza miaka 18 mtoto anapata akili yote kwa mpigo. Mimi nimelea vijana wanne wa kiume, waulizeni wenye vijana wa kiume, akili yao inakuja kwa mafungu na fungu la mwisho linachelewa sana.

Nina mtoto wa ndugu yangu anaishi Uingereza miaka mingi, nikamhadithia kwa simu za usiku. Akanambia kule hakimu anaweza kumwachia mtu kwa masharti kwa muda usiozidi miaka 3, ukitulia basi imekwisha, ukirudia unaadhibiwa kwa la zamani na jipya. Nikamwambia si ndo maana vijana wenu wanapiga askari? Akasema hapana, kule kumpiga askari si jambo dogo, walitunga sheria maalumu 2018 kwa anayeshambulia askari na watu wa dharura, na 2022 wakaongeza ukomo mpaka miaka 2. Kwa hivyo wana vyote viwili, fimbo ndefu kwa anayestahiki fimbo, na mlango wa pembeni kwa mtoto aliyeteleza. Hata tusiende mbali, wenzetu wa Bara wana Sheria ya Huduma kwa Jamii tangu 2002, mtu wa kifungo kisichozidi miaka 3 anaweza kufanya kazi ya umma bila malipo badala ya kukaa ndani, na Kenya walianza kabla yao, 1998. Na Umoja wa Mataifa wana kanuni zao za 1990 wanaziita Kanuni za Tokyo, zinazungumzia haya haya ya adhabu zisizokuwa kifungo. Nilipoambiwa Tokyo nilidhani ni mambo ya magari.

Najua watakaonijibu. Watasema mara ya mwanzo kukamatwa sio mara ya mwanzo kufanya. Kweli, wapo hao, tena tunawajua kwa majina, mtu anakamatwa leo na nazi za watu lakini shamba lile kalimaliza tangu mwaka juzi. Ila ndo nasema, anayejua kama huyu ni wa mara ya mwanzo kikweli ni sheha na ni majirani, rikodi ya polisi inajua waliokamatwa tu. Kumuuliza sheha kunahitaji nini, simu ya dakika tano?

Watasema pia askari hachezewi, leo kasukumwa ukinyamaza kesho atapigwa jiwe. Hili nalikubali zaidi ya wanavyodhani. Ami yangu marehemu alikuwa polisi, aliwahi kurudi nyumbani na shati limechanika mgongoni na bibi yangu analia, kwa hivyo sare ya polisi siidharau. Kumsukuma askari ni kosa zaidi kuliko kumsukuma mimi, kwa sababu mimi nikisukumwa nimesukumwa mwenyewe, askari akisukumwa tumesukumwa sote. Lakini hata kwenye kusukuma kuna kusukuma. Hakuna silaha, hakuna damu, hakuna genge lililopangwa, ni mtoto kaona pikipiki ya ami yake inakwenda kituoni akaona na chakula cha kwao kinakwenda nayo. Ukimpa huyu miezi sita, yule atakayempasua askari kwa chupa umemuwekea nini?

Na wapo watakaosema basi yangelimalizwa mtaani, ya nini mahkama. Hapo ndo tunagombana zaidi. Sisi watu wa visiwa hivi muhali umetuua. Mtoto wa mtu anadhalilishwa kijinsia, wazee wanakaa wanapoza, wanasema tusiaibishane, na aliyefanya anaendelea kuswali safu ya mbele. Siko huko kabisa, kesi za udhalilishaji ziende mahkamani na zifike mwisho, na anayezifunika naye ashitakiwe. Kesi ya kofia na kabati nayo ilistahiki kwenda mahkamani. Mie sikutaka isiende. Nilitaka ikifika huko itoke na kitu kinachofaa.

Msaada wa sheria nao upo ila haufiki pale benchi wakati unaotakiwa. Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kipo tangu 1992, marehemu Profesa Haroub Othman alikuwa miongoni mwa walioanzisha, na huku Pemba wana ofisi na wasaidizi wa sheria wamesambazwa. Na 2018 ikapitishwa sheria ya msaada wa kisheria. Lakini kijana yule alitoka kituoni akaenda mahkamani akakiri akahukumiwa bila ya kukaa na mmoja wao hata robo saa. Robo saa ile ingetosha, angemuandikia kikaratasi, sema umri wako, sema unalea nani, sema uko tayari kulipa kioo. Tena angekuwa tayari. Nimemuuliza baadae, akanambia ami mie kioo nilikuwa nakifikiria tangu mle kituoni, nikiona vigae kila nikifumba macho, ila nilidhani ukisema utalipa wataona unajidai una pesa.

Kuna na hili la rikodi, watu hawaliangalii. Kijana wa Pemba asokuwa na cheti kikubwa cha skuli milango yake inahesabika. Kuna karafuu, kuna bahari, kuna kwenda Unguja kwenye mahoteli, kuna Uarabuni, na kuna vikosi vya serikali ya Zanzibar, JKU, KMKM, Zimamoto na vyenginevyo. Hoteli wanataka cheti cha tabia njema kutoka polisi, Uarabuni vile vile, na kwenye vikosi ukishakuwa umetiwa hatiani kwa kumshambulia askari usijisumbue hata kununua bahasha. Kwa hivyo adhabu yake haikuwa miezi sita wala siku nane, ni milango mitatu imefungwa kwa teke moja. Anabaki na karafuu na bahari. Karafuu msimu, bahari na wewe na Mungu wako.

Sasa lau ningeulizwa pale mahkamani, na nilishavaa kanzu kwa ajili ya kuulizwa, ningesema hivi. Mheshimiwa, msimu wa karafuu uko mlangoni na huyu ni mpandaji mzuri, nimemuona kwa macho yangu kwenye mkarafuu ambao wenziwe wameukimbia, analipwa kwa pishi, basi katika kila anachopata fungu langu litolewe mpaka kioo kiishe, na sheha asimamie aandike kwenye daftari. Huyu na askari hawana deni la pesa, wana deni la heshima, na kwa vile askari kavunjiwa heshima hadharani basi na samahani iwe hadharani, hapo hapo mbele ya banda langu, siku ya mpira, waliocheka wawepo, na yule wa simu arikodi na hiyo aipeleke Maskat. Halafu Jumamosi tatu nne akafyeke majani kituo cha polisi, asimamiwe na yule yule aliyemsukuma, wazoeane. Akipotea siku moja tu, ile miezi sita iko pale pale na mie mwenyewe nitakuja kusema kapotea. Hayo yote hayafiki gharama ya kumlisha mtu miezi sita.

Mtasema muuza bajia anamfundisha hakimu kazi. Hapana, nasema aliyevunjiwa aulizwe. Mtu akikiri, kabla ya adhabu kusomwa, mwenye mali anyanyuliwe pale kwenye benchi aulizwe dakika mbili tu, umepoteza nini na unataka nini. Wapo watakaotaka damu, hakimu anajua kuwapima. Wengi wetu tunataka kioo chetu.

Mambo yalivyo sasa ni hivi. Msimu umeanza, kijana yuko mashamba ya juu huko, anarudi magharibi mikono myeusi na nguo zinanukia karafuu mpaka unamsikia kabla hujamuona. Hakuna mahkama iliyomuamuru, lakini kila siku ya tatu ya nne anapita bandani, anaweka pesa juu ya plaiwudi, anasema hizo ami, haongezi neno, na mpaka jana kafika elfu 42. Nimekwenda kwa fundi pale Machomane kashanipimia kioo. Samahani ya hadharani bado, ana haya, na mie simlazimishi, maana hilo la kulazimisha lilikuwa na mahali pake na wakati wake umepita. Yule askari naye bado yuko kituo chetu, anakuja kununua bajia jioni, bajia kumi na pilipili nyingi, ila siku hizi akifika hatua tano kutoka kwenye beseni kofia anaivua kabisa anaibana kwapani ndo anasogea.

Wabillahi tawfiq.

Muuza bajia,
Chake Chake, Pemba